Chembe zinajipanga mistari mistari, ni makosa ya kodi ya kompyuta ama ndo fizikia?

mwana_tudor: Wana habari zenu. Niko na projekti ya mwaka wa mwisho hapa Mombasa, nimeandika programu ya kuigiza maji yenye msukosuko nikamwaga chembe nzito humo, nimezitawanya sawasawa kila pahali. Sasa baada ya muda zote zishajipanga mistari mistari na katikati kumebaki mashimo matupu. Kwani kitu si hukorogwa ndo kichanganyike? Halafu ati zinazama mbio kuliko maji yakiwa yametulia. Supavaiza kasema nikague kodi, siku tatu sahi sioni kitu.

baba_likoni: Mbona kama majani ya chai, ukikoroga yanaenda katikati ya kikombe. Kawaida hiyo.

chumvi_na_maji: La yakhe, hiyo nyengine kabisa. Ya chai yanavutwa na maji yanayorudi katikati kule chini kwenye kitako, Einstein aliieleza 1926. Zake huyu zinatupwa nje. Ushapanda tuktuk ikakata kona mbio, si wabanwa upande wa nje? Basi chembe nzito haiwezi kukata kona pamoja na maji, kila kimzunguko kinaitupa, zinaishia kurundikana baina ya mizunguko, ndo mistari yako hiyo. Na zikishatupwa pembeni uzito unazisukuma upande ule maji yanaposhuka, kwa hivo zinapata lifti ya kwenda chini. Mtafiti mmoja, Maxey, aliandika haya 1987.

Lakini usishangilie bado. Angalia namba ya Stokes, yaani muda wa chembe kufuata maji ukigawanya kwa muda wa vile vimzunguko vidogo kabisa. Ikikaribia 1 ndo zinajikusanya zaidi, ikiwa ndogo sana zinafuata maji tu kama matope laini, ikiwa kubwa sana hazijali mizunguko. Na ule muda wa chembe unaenda na kipenyo mara kipenyo, ukiongeza kipenyo mara 2 unakuwa mara 4, hapo wengi huteleza. Sasa weka chembe zisizo na uzito wowote, zinazofuata maji tu. Hizo lazima zibaki zimetawanyika sawa. Zikijikusanya na zenyewe, kodi yako mbovu.

baba_likoni: Haya, nimefunzwa 😅

mwana_tudor: Nimejaribu usiku. Namba ya Stokes ilikuwa 0.9! Zile zisizo na uzito zimebaki sawa, ila ukingoni kuna mstari mmoja mwembamba, kumbe chembe ikivuka ukingo nlikuwa nairudisha palepale badala ya upande wa pili. Kwa hivo supavaiza naye alikuwa na lake.