Domination si uwanja wa kuvunia vichwa: watengenezaji, mmeziua modi zenu wenyewe

Wakuu, uzi huu hauna salamu ndefu. Anayetaka kusifia ngozi mpya za bunduki apite kushoto, nyuzi zake zimejaa. Hapa tunaongelea modi (aina za mechi) za wachezaji wengi kwenye gemu za kufyatua risasi, zile zenye lengo: bendera, kilima, bomu, mkokoteni. Zimeoza, na watengenezaji wanajua vizuri zimeozea wapi. Kinacholeta ushindi kwenye mechi sicho ambacho gemu inamlipa mchezaji. Basi.

Tupige hesabu, maana kulalama bila namba ni kupigia mbuzi gitaa.

Chukua Domination ya Call of Duty, ambayo gemu kibao zina modi inayofanana nayo. Bendera tatu: A, B na C. Kila bendera unayoishikilia inatoa pointi 1 kila sekunde 5, na anayefika 200 kwanza kashinda. Mwenye bendera mbili anavuna pointi 24 kwa dakika, mwenye moja anavuna 12. Ukishikilia mbili tangu mwanzo unamaliza kazi kwa dakika 8 na sekunde 20, na mpinzani yuko kwenye 100. Je, kuua mtu kunaongeza pointi ngapi kwenye hiyo 200? Sifuri. Ua kumi, ua arobaini, sifuri.

Sasa geukia upande wa malipo. Team Deathmatch, modi ya timu kuuana tu, hufungwa kwa idadi ya vichwa (vichwa hapa ni watu uliowaua, si risasi za kichwani), na kwa miaka mingi Call of Duty iliweka kikomo cha 75. Gawa kwa wachezaji 6, kila mmoja anaambulia kumi na viwili na ushee. Domination haina kikomo cha vichwa. Halafu mnampa mchezaji changamoto: ua watu 100 kwa bunduki hii upate rangi ya dhahabu. Mlitegemea aende wapi? Mjinga si yeye. Anakuja Domination kwa sababu mechi ni ndefu, na njia ya adui inajulikana kwa kuwa lazima aje kwenye bendera. Bendera kwake ni chambo. Anajikunyata dirishani, bunduki ya darubini mkononi, mita hamsini kutoka B, na anakaa hapo mpaka kipenga. Mwisho wa mechi ana vichwa 41, bendera hakuna, timu imelala 200 kwa 118, na skrini inamtangaza yeye kuwa nyota. Nyota wa nini?

Msituambie ni tabia za wachezaji. Mchezaji anafuata ulipomwaga mtama.

Uharibifu unaonekana vizuri zaidi kwenye sehemu za kuibukia (pale unaporudi mchezoni baada ya kuuawa), na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu nusu ya watu wanaotukanana kwenye maiki hawajui kinachoendelea. Ukifa, gemu haikurushi popote kwa bahati nasibu. Inapima kila sehemu ya kuibukia: wenzako wako karibu kiasi gani, adui yuko umbali gani, je anaiona sehemu hiyo, na bendera ipi ni yenu. Mkiwa na A na B, adui anaibukia C. Hiyo ndiyo hali tamu kuliko zote kwenye modi hii, kwa sababu mnajua atatokea wapi na atapita wapi.

Kisha anatokea mlafi mmoja. Anakimbilia C apate zile pointi binafsi za kuteka bendera, ambazo mmeziweka kubwa kama peremende. Kuiteka peke yake ni kama sekunde 10. Kabla hajamaliza, wawili wengine wamemfuata, na gemu ikipima inaona C imejaa watu wenu huku A haina hata mmoja. Inafanya ilichofundishwa: inawaibusha maadui A. Sasa wote mmeelekeza mitutu C, na risasi zinatoka mgongoni. A imekwenda. B inafuata. Ndani ya nusu dakika mmegeuziwa ramani nzima, na mlafi wetu anaandika kwenye chati kwamba timu ni takataka.

Ipimeni tamaa hiyo kwa namba. Nusu dakika ya bendera tatu inawaongezea tofauti ya pointi 12 juu ya ile mngepata kwa bendera mbili. Dakika moja ya kubaki na bendera moja baada ya kugeuziwa inawapotezea 24. Kwa hiyo bendera ya tatu ina maana pale tu maadui wote wamelala kwa wakati mmoja, au saa inakwenda kuisha na mko nyuma. Vinginevyo mbili zinatosha, acheni C ya watu.

Dawa inajulikana. Mtu mmoja anabaki kuwa nanga, nyuma ya A, si juu ya bendera yenyewe, ili gemu ikipima ikute kuna mwenzenu pale. Wawili wanaizunguka B, mmoja akiangalia kila upande. Waliobaki wanatazama njia za kutokea C bila kuvuka mstari wa katikati. Kazi imekwisha. Na yule nanga, anayewashikia ramani nzima, gemu inamlipa nini? Hakuna kitu. Anamaliza na vichwa 6, yuko mkiani mwa jedwali, na wenzake wanamuuliza kama alilala. Hilo ndilo linalokera kuliko vyote: gemu inaijua thamani ya mtu huyo, maana inampima kila mara mtu anapoibuka, lakini kwenye jedwali inajifanya haimwoni.

Hardpoint, modi nyingine ya Call of Duty, nayo ni hadithi ileile. Kilima (eneo la kushikilia) kimoja kwa wakati mmoja, kinahama kila sekunde 60, pointi 1 kwa sekunde ikiwa timu moja tu imo ndani, na 250 zinamaliza mechi. Wakiwemo wa timu zote mbili hakuna anayepata. Kwa hiyo zikibaki sekunde 15 hadi 20, wawili wanatakiwa waondoke wakashike njia za kilima kinachofuata. Mnachohatarisha ni pointi 20, mnachokimbilia ni 60. Lakini pointi binafsi zinatoka ukiwa ndani ya kilima tu, au ukiua. Anayetangulia halipwi. Matokeo yake watu sita wanabanana kwenye kilima chenye sekunde 4 za uhai, guruneti moja inawafagia, na wapinzani wameshafungua kambi kwenye kipya.

Kuna anayeweza kusema haiwezekani kulipa kazi isiyo ya kuua. Inawezekana, na imekuwepo miaka yote. Tazama Counter-Strike, gemu ya raundi ambamo washambuliaji wanatega bomu, watetezi wanalizuia, na silaha mnanunua kwa pesa za raundi. Pesa unayopata kwa kuua inategemea silaha: bunduki kubwa ya kawaida inakupa dola 300, AWP, ile ya darubini, inakupa 100 tu, kwa sababu aliyesimama mbali na darubini hahitaji kuongezewa motisha. Ukitega bomu unapata 300 zako, ukilitegua hivyo hivyo. Timu ikishinda raundi kwa bomu kulipuka au kuteguliwa, inapata 3,500 kila mtu. Ikishinda kwa kuwamaliza wapinzani, 3,250. Hiyo 250 si nyingi, ila imekaa upande unaotakiwa. Na washambuliaji waliobaki hai huku muda umeisha bila kutega bomu hawapati hata senti ya raundi hiyo. Ukijificha ulinde takwimu zako, raundi inayofuata unaingia mkono mtupu. Yaani sheria za modi na pesa za modi zinasukuma upande mmoja.

Hata huko wapo wanaoboa, tusidanganyane. Bomu lina sekunde 40. Kulitegua ni sekunde 10, na ukiwa na kifaa cha kutegulia cha dola 400 ni 5. Likitegwa, saa ya raundi inatoweka juu ya skrini, unabaki na mlio. Huna kifaa, unahisi zimebaki chini ya 10? Kimbia na bunduki yako, usipige magoti kwenye bomu kama unaomba dua. M4A1-S, bunduki kubwa ya watetezi, ni 2,900, vesti na kofia 1,000, jumla 3,900, na fidia ya juu kabisa ya kushindwa mfululizo ni 3,400. Bunduki uliyookoa ni raundi iliyookolewa. Lakini kosa la mtu hapo ni la mtu, gemu haikumtuma.

Team Fortress 2 nayo iliingiza Payload, modi ya kusukuma mkokoteni, mwaka 2008 na akili ilikuwa ileile. Mkokoteni unawatibu wanaousukuma na kuwapa risasi, ndiyo maana watu walikuwa wanakaa karibu nao. Kasi inaongezeka hadi watu watatu, wa nne haongezi chochote, na Scout (mhusika mwenye mbio) mmoja anahesabika wawili. Ukiachwa sekunde 30 bila msukumaji unaanza kurudi nyuma. Hapo mchezaji mpya anajifunza modi kwa kuicheza tu. Gemu za leo zina kurasa tano za pasi ya msimu na hakuna hata sentensi moja inayomwambia mtu kwa nini ameibukia upande aliouibukia.

Kwenye vita vikubwa, Conquest (modi ya kushikilia bendera) ya Battlefield, tangu ile Battlefield 1942 ya mwaka 2002 yenye watu 64, kwa kawaida kila kifo kinakula tiketi ya timu, yaani akiba yake ya kurudi uwanjani. Kwenye matoleo yaliyofuata, tabibu akimnyanyua mwenzake, tiketi imepona. Mnajua kinachofuata: changamoto za tabibu zinasema ua kwa bunduki ya tabibu. Aibu.

Halafu kuna hii dhambi ya kuunganisha modi zote kwenye kitufe kimoja cha "cheza". Sababu yenu tunaijua, msituone watoto. Modi 8, kanda 5 za seva, madaraja 6 ya ustadi, tayari umewakata wachezaji vipande 240, na kila kipande kinahitaji watu 12 walio tayari kwa wakati mmoja. Foleni zinakuwa ndefu. Sawa. Lakini suluhisho si kumtupa mpenzi wa bomu kwenye Team Deathmatch na mwindaji wa vichwa kwenye bendera. Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 iliweka visanduku: unatia tiki modi unazotaka, unaondoa usizotaka, unasubiri kwa hiari yako. Anayetaka foleni fupi anatia tiki zote. Ni ngumu wapi hapo?

Na kuingizwa kwenye mechi inayoendelea. Mtu anafunguliwa mlango matokeo yakiwa 170 kwa 64, anakaa dakika mbili, anaandikiwa kushindwa. Kwenye modi za raundi ni balaa zaidi, maana watu 4 dhidi ya 5 si mapungufu ya asilimia ishirini tu. Ni upande mzima wa ramani usio na mlinzi. Wekeni kikomo: timu moja ikishavuka nusu ya pointi za ushindi, mgeni asihesabiwe kipigo.

Tunachotaka ni kidogo. Changamoto za bunduki zihesabiwe Team Deathmatch na modi za kila mtu kivyake, au kwenye bendera zihesabiwe mara mbili kwa anayeua akiwa ndani ya eneo la lengo au akimpiga aliyemo. Jedwali lipangwe kwa muda wa kwenye lengo kwanza, vichwa baadaye. Nanga alipwe kwa kila mwenzake aliyeibukia upande wake, data mnayo. Ramani ndogo ionyeshe upande ambao adui anaibukia baada ya sehemu za kuibukia kugeuka, sekunde mbili tu, taa iwake.

NYONGEZA: Naona mchangiaji kule chini anasema "kuua pia kunasaidia timu". Ndiyo, nani alikataa? Kunasaidia kwa sekunde ambazo adui amelala pamoja na zile za kukimbia kurudi. Ukimuua akiwa amekanyaga B, umesimamisha utekaji na umemrudisha safari nzima. Ukimuua kwenye kona ya mbali ambako hakuna bendera, umempa tiketi ya bure ya kuibukia karibu zaidi na pale alipokuwa anakwenda. Vichwa viwili, thamani mbili, jedwali linaviandika sawa. Ndiyo hoja ya uzi mzima.

NYONGEZA 2: Aliyeuliza afanye nini akiwa peke yake na timu isiyogusa bendera: usiende kuteka ya tatu kwa hasira. Chagua kuwa nanga wa bendera yenu ya nyumbani, rusha moshi juu ya B kila ukipata, na iteke wakati wapinzani wanatazama wale wawindaji wenu, maana hao angalau wanavuta macho. Na mechi ikianza, A inahitaji mtu mmoja kwa sekunde zake 10. Mmoja! Watano waende B moja kwa moja. Mkisimama sita kwenye A mnajipigia picha ya familia, wenzenu wanaichukua B bila kufyatua risasi.