Nimelipa pesa zangu kuambiwa Vasco da Gama "aligundua" Malindi. Wakuu, huu uongo tuubebe mpaka lini?

Wakuu, habari za leo. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na nyuzi za utalii. Silalamikii bei ya hoteli wala joto la chumba. Nalalamikia kudanganywa, tena mbele ya wanangu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Majuzi tulikuwa Malindi kwenye harusi ya upande wa mke wangu. Kesho yake nikaona watoto wasirudi nyumbani na habari za biriani tu, nikawachukua twende tukaione ile nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno. Hatujafika, njiani tukadakwa na kijana anayejiita mtembeza wageni. Shati limenyooshwa, ulimi wa asali. Tukapatana shilingi elfu moja na mia tano za Kenya, nikalipa kabla. Najua, najua.

Kwa muda wa nusu saa yule bwana aliwamwagia wanangu haya: kwamba da Gama ndiye aliyegundua Malindi na njia ya India, kwamba mfalme wa Malindi alimpenda tu kama mkwe, akampa rubani wa kumpeleka, na kwamba rubani mwenyewe ni Ahmad ibn Majid, mlevi, aliyenyweshwa mvinyo akafichua siri ya bahari, kwa hiyo pwani nzima ikauzwa kwa chupa moja.

Nilipomkatiza akaniuliza, "Mzee, umekuja kutembea au kusomesha?" Mwanangu wa darasa la sita naye akanigeuka: "Baba, hata shuleni wametuambia aligundua." Shemeji akaninong'oneza niache, kijana anatafuta riziki yake. Nikaacha. Lakini humu hakuna shemeji.

Ndugu zangu, safari ile ina daftari. Liliandikwa na mmoja wa watu waliokuwemo melini, limechapishwa na kutafsiriwa, mtu yeyote anaweza kulisoma. Sihitaji kuwa profesa. Mreno mwenyewe ndiye shahidi wangu.

Waliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497, meli nne, watu wapatao 170. Haki yake nampa: kuanzia Agosti mpaka mwanzo wa Novemba walikaa katikati ya Atlantiki bila kuona nchi, na hilo si jambo dogo kwa baharia yeyote. Rasi ya kusini mwa Afrika alishaizunguka Mreno mwenzake, Bartolomeu Dias, mwaka 1488, lakini tuseme sawa, kutoka pale kupanda juu ilikuwa bahari mpya kwao. Kwao. Sasa soma wanachokikuta Kisiwa cha Msumbiji, mwezi Machi 1498. Mwandishi wa daftari anaeleza vyombo vikubwa, mbao zake zimeshonwa kwa kamba bila msumari, matanga ya mikeka. Halafu anaongeza kwamba mabaharia wa vyombo hivyo wana dira, wana vipimo vya kupimia nyota, na wana ramani za bahari. Mtu anaingia nyumbani kwako, anakuta taa inawaka na chakula mezani, halafu anarudi kwao kusema ameigundua nyumba!

Msumbiji waligombana na wenyeji wakaupiga mji mizinga. Tarehe 7 Aprili wakatia nanga Mombasa. Sultani akawapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Wao wakawakamata watu wawili waliokuja nao kutoka Msumbiji, wakawadondoshea mafuta ya moto mwilini mpaka wakasema kuna njama. Hilo limo daftarini, limeandikwa bila haya wala soni. Usiku huohuo vijana wa Mombasa wakaogelea kimyakimya, wakaanza kukata kamba ya nanga ya meli moja. Walinzi walisikia vurumai majini wakadhani ni jodari! Mimi nikisoma hapo hucheka peke yangu. Mbona hii hawaambiwi watoto? Hii hadithi ingemfanya mtoto asahau simu.

Twende Malindi kwenye huo "upendo". Asubuhi ya tarehe 14 Aprili, baada ya kutoka Mombasa, Wareno walikimbiza chombo kilichokuwa na watu 17, pamoja na mzee mmoja wa heshima na mkewe kijana. Watu wakajitupa majini, wakaokotwa wakawa mateka, na dhahabu na fedha yao ikachukuliwa. Jioni ya siku hiyo ndiyo wakatia nanga Malindi. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu aliingia na mateka sitahani, na mjumbe aliyemtuma kwa mfalme ni huyohuyo mzee aliyemteka.

Ni kweli mfalme wa Malindi alimpokea vizuri. Lakini Malindi na Mombasa walikuwa na ushindani wa siku nyingi, na mtu mwenye mizinga aliyegombana na jirani yako unamtazama kwa hesabu. Hiyo ni siasa. Mfalme alitoka baharini na vazi la hariri, amefunikwa mwavuli mwekundu, na wapigaji wa siwa mbili za pembe za ndovu zilizochongwa, urefu wa mtu mzima, zinapulizwa kwa tundu la ubavuni. Anayetoka Lamu au Pate hapo ameshatambua bila kuambiwa. Na da Gama? Alipoalikwa mjini alikataa kukanyaga nchi kavu. Alileta mashanga ya marijani, mabeseni ya kunawia, kofia na vikengele. Nasema mabeseni, na sitanii.

Rubani sasa. Mfalme aliahidi rubani, siku zikapita haletwi. Tarehe 22 Aprili mtumishi wa karibu wa mfalme alikwenda melini, da Gama akamshika, akatuma neno mjini kwamba anataka rubani. Rubani akaletwa, ndipo mtumishi akaachiwa. Soma tena sentensi hizo. Zawadi gani inayotolewa kwa kushikiwa mtu?

Hapa ndipo damu yangu inapochemka. Ahmad ibn Majid. Mzaliwa wa Julfar, ambayo leo ni Ras al-Khaimah, mwalimu wa bahari aliyeandika kwa nathari na kwa mashairi kuhusu nyota, bandari na misimu ya pepo. Daftari la safari halimtaji kabisa. Linasema rubani alikuwa "Mkristo", na ukumbuke watu hawa waliwaita Wakristo Wahindu wote waliowaona, hata Calicut, bandari ya India, waliingia hekalu la Kihindu wakasali wakidhani ni kanisa. Waandishi wa Kireno waliofuata wakasema ni mtu wa Gujarat, jina wakaliandika Malemo Cana au Canaqua. Hilo "Malemo" mnalisikia masikioni? Ni mwalimu, cheo cha mwongoza chombo. Kisa cha ulevi kilitoka kwa Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyekuwa akiandika Makka miaka mingi baadaye, wala hakuwepo. Wataalamu waliochambua maandishi ya Ibn Majid wamekikataa. Lakini hapa kwetu mtu anakirudia juani, mbele ya watoto, na kuongeza chumvi: pwani ilianguka kwa sababu Mwislamu mmoja alikunywa. Marehemu hana wakili, ndiyo maana?

Halafu João de Barros, Mreno, anaeleza kwamba da Gama alimwonyesha yule rubani vyombo vyake vya kupimia jua na nyota, akitegemea atashangaa. Hakushangaa. Yeye mwenyewe alikuwa na ramani yake ya pwani ya India.

Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi inaanza. Siku 23 hawakuona nchi. Tarehe 18 Mei wakaiona milima ya India, na tarehe 20 wakatia nanga karibu na Calicut. Ni safari ambayo majahazi yalishaifanya vizazi na vizazi. Na huko Calicut mtu wa kwanza wa Kireno kutumwa mjini alikutana na nani? Watu wawili wa Tunis, wanazungumza Kihispania na lugha ya Genoa, wakamuuliza ni shetani gani aliyemleta huko. Mvumbuzi anapokelewa na mtu anayejua lugha ya jirani zake!

Kurudi ndiko kulikomuumbua. Aligombana na wakubwa wa Calicut, akaondoka Agosti tarehe 29, na mwanzo wa Oktoba akaikata bahari kuelekea kwetu. Oktoba, wakuu. Muulize mvuvi yeyote wa Pangani au Shela. Kusi, upepo wa kusini, imekufa; kaskazi, upepo wa kaskazini, haijasimama; bahari ni maleleji, upepo hauna uhakika. Wenye bahari husubiri mpaka kaskazi ishike, Desemba hivi, ndipo wang'oe nanga. Yeye hakusubiri. Njia ya siku 23 ikamchukua miezi mitatu kasoro siku tatu. Kiseyeye kikawashika, fizi zikavimba mpaka hawawezi kula, wakafa watu 30, na kila meli ikabaki na watu saba au wanane wenye nguvu ya kufanya kazi. Walipoiona nchi tarehe 2 Januari 1499 ilikuwa Mogadishu. Wakaipiga mizinga. Watu hawana nguvu za kuvuta kamba, lakini za kuwasha fataki wanazo.

Malindi ndiyo iliyowaokoa, kwa machungwa na nyama. Nguzo hiyo mnayopigia picha asili yake ni siku hizo.

Na safari ya pili mbona nayo mtembezaji aliiruka? Mwaka 1502 alirudi na meli 20, akaingia Kilwa, akamlazimisha mtawala kulipa kodi ya dhahabu au mji upigwe. Mwaka huohuo akaikamata meli iitwayo Miri iliyokuwa ikirudi na mahujaji kutoka Makka, akaichoma moto na mamia ya watu ndani. Tomé Lopes, aliyekuwa kwenye msafara wake, ameandika jinsi wanawake walivyoinua watoto wao wachanga kuomba wahurumiwe. Hawakuhurumiwa. Miaka mitatu baadaye Wareno wengine, chini ya Francisco de Almeida, wakaipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Da Gama yeye alipewa cheo cha kikabaila kwao, akafia Cochin, India, mkesha wa Krismasi 1524.

NYONGEZA: Naona mdau hapo chini ananiambia nina chuki na Wazungu. Ndugu, mashahidi wangu wote katika hili ni Wareno, umesoma au umepita juujuu? Mwingine anasema nguzo ibomolewe. Hapana. Ibaki palepale, ila anayelipwa kuisimulia aisimulie yote, na wanafunzi waambiwe kwamba mwaka 1415, kabla babu yake da Gama hajajulikana na mtu, wajumbe wa Malindi walishafikisha twiga kwa mfalme wa China. Kwa anayeuliza kama nilirudishiwa pesa: nilidai, nikaambiwa nilipie kwanza picha alizotupiga.

NYONGEZA 2: Mmeniuliza Tanga inahusikaje, mbona nimekasirika kama nimeibiwa ng'ombe. Nitawaambia. Aprili 1498, kabla hawajafika Mombasa, meli yao ya São Rafael ilipanda mwamba huku kwetu, milima ya Usambara inaonekana. Watu wakawatokea na madau, moja limejaa machungwa, na mwandishi akakiri ni mazuri kuliko ya Ureno. Januari 1499 waliporudi, watu hawatoshi kuendesha meli tatu zilizobaki, wakaichoma São Rafael palepale. Wakati wanahamisha mizigo, watu wa kijiji anachokiandika Tamugata, yaani Mtangata yetu hii, wakawa wanawapelekea kuku. Mabaharia wakalipa kwa kuvua mashati yao na bangili.

Jumapili nawapeleka wanangu huko, bila mtembezaji. Nitawaonyesha bahari nitawaambia: hapa ndipo babu zenu walipouza kuku, wakarudi nyumbani na mashati ya Wareno.