Mjadala: Je, ni haki chuo kumlazimisha kila mwanafunzi ajaze dodoso la ustawi wa kisaikolojia?

Nahodha
Wakuu, habari zenu. Chuo anachosoma mdogo wangu kimeweka sharti jipya: hujajaza dodoso la ustawi wa kisaikolojia, huoni matokeo yako. Wanasema wanaokwenda wenyewe kwa mshauri nasaha ni wachache, na aliyeelemewa kabisa ndiye haendi. Mimi naunga mkono. Presha inapimwa, macho yanapimwa, kwa nini moyo wa mtu tuukisie? Wanaopinga njooni na hoja.

Mwalimu Mstaafu
Nimefundisha chuoni miaka mingi na dodoso la namna hiyo nimeliona. Maswali kumi kama sikosei, na mojawapo linauliza eti unalala kupita kiasi. Yaani kijana akilala hadi saa tano asubuhi anapewa alama za ugonjwa! Zamani huyo aliitwa mvivu, akaambiwa hivyo, akaamka. Ukimuuliza mtu kila muhula kama ana huzuni, ataitafuta mpaka aipate.

Mwanatakwimu
Shikamoo mwalimu. Ni tisa, ndiyo maana linaitwa PHQ-9. Lilichapishwa mwaka 2001. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na kwa kawaida anayefika 10 ndiye anayeitwa achunguzwe zaidi. Usingizi peke yake haumfikishi mtu huko.

Ila kuna jambo kubwa kuliko hilo. PHQ-9 inapima dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, haipimi ustawi. Mtu anaweza asiwe na sonona na bado maisha yake hayana mbele wala nyuma. Mwanasaikolojia Carol Ryff mwaka 1989 aliugawa ustawi katika mafungu sita: kujikubali, uhusiano mwema na watu, kujiamulia, kuyamudu mazingira, kuwa na lengo maishani na kukua kama mtu. WHO-5, dodoso la ustawi la Shirika la Afya Duniani, nayo ina maswali matano tu, yote ya upande wa heri; unajumlisha, unazidisha kwa 4, unapata alama kati ya 0 na 100. Nahodha, chuo cha mdogo wako kinatumia kipi kati ya hivyo? Bila kujua hilo tunabishana gizani.

Kalamu Nzito
Mwalimu, hilo neno "mvivu" limenikaa kooni. Mwaka wa pili mimi ndiye niliyekuwa kitandani hadi saa tano. Sikuwa na hata lepe la usingizi! Nilikuwa macho tangu saa tisa usiku, naitazama dari, miguu haitaki kushuka. Mlezi wa bweni aligonga akaniambia neno hilohilo lako. Sikuamka. Niliacha kufungua mlango.

Mwalimu Mstaafu
Pole mwanangu. Lakini usinilishe maneno. Sikusema anayeumwa ni mvivu. Nimesema mvivu yupo, na karatasi haijui kuwatenganisha hao wawili.

Bahari Kuu
Na wewe uliwatenganishaje, mwalimu? Kwa kuwatazama usoni, darasa la watu mia tatu?

Mwalimu Mstaafu
Kwa kuwajua, ndugu yangu. Tulijua majina yao na tulijua nani hajaonekana wiki nzima. Ninyi mnajua alama zao.

Bahari Kuu
Mlijua majina ya waliokaa mbele. Sisi wa nyuma hakuna aliyetuuliza.

Mwalimu Mstaafu
Hilo unalisema kwa hasira, na hunijui.

Nahodha
Jamani, turudi kwenye mada. Lazima au hiari?

Mshauri wa Zamu
Nafanya kazi ya unasihi chuoni, na hayo mliyoyapita haraka ndiyo yanayotusumbua. Angalieni alichosimulia Kalamu. Kwa Kiswahili "kulala" ni kujinyoosha kitandani na pia ni kusinzia. Mwanafunzi akijibu "nalala sana", sijui kama anasinzia kwa muda wa saa kumi na mbili au anaitazama dari kwa muda huo. Sharti niandike "usingizi", na hata hapo nimuulize tena uso kwa uso.

Halafu lile fungu la Ryff la kujiamulia. Mna sentensi humo za mtu kushikilia rai yake hata ikipingana na ya wengi. Binti aliyelelewa kushauriana na wazazi kabla ya kuchagua masomo anapata alama za chini, wakati mwenyewe ametulia na anajua anachofanya. Tumempima ustawi au tumempima malezi?

Na wakati nao una neno. WHO-5 na PHQ-9 zote zinauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Ukiligawa dodoso wiki ya matokeo, umepima mitihani.

Bahari Kuu
Dada, kwa hiyo unamuunga mkono mwalimu kwamba tusipimwe?

Mshauri wa Zamu
Sijasema hivyo hata kidogo.

Mwanatakwimu
Naomba niseme kuhusu hiari maana watu wanaiona njia rahisi. Wasiojaza hawafanani na waliojaza. Aliyeshindwa kushuka kitandani ndiye hafungui barua pepe yako. Ripoti itatoka nzuri kwa sababu waliozama hawamo.

Kalamu Nzito
Nilijaza. Hakuna aliyeniuliza, lakini mwaka ule nilijaza, na lile swali la tisa, la kuwaza ni heri ufe au ujidhuru, nililijibu kwa ukweli. Nilibonyeza nikakaa na simu mkononi. Jioni ile hakuna aliyepiga. Wiki ile hakuna. Ilipofika wiki ya sita nilielewa kwamba hakuna aliyesoma. Muhula uliofuata sikuandika ukweli tena. Leo nina msaada na niko salama, lakini mnaniuliza lazima au hiari, mimi nauliza nani anasoma.

Mshauri wa Zamu
Pole sana Kalamu. Kwetu swali la tisa halisubiri jumla. Jibu lolote lisilo sifuri linafuatiliwa siku hiyohiyo. Tulilipigania hilo. Na bado siku tuliyoligawa dodoso kwa mwaka wa kwanza wote tulikuwa washauri wawili, tukamaliza kupiga simu usiku. Chuo kisichoweza hivyo kisiulize swali hilo.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu Kalamu, yule aliyegonga mlango, alirudi?

Kalamu Nzito
Hakurudi, mwalimu.

Nahodha
Nimempigia mdogo wangu sasa hivi kumuuliza alijazaje. Anasema alitaka kuona matokeo, akaweka sifuri mpaka chini. Nikamuuliza, zote ni za kweli? Amenyamaza. Naenda kumwona.