Tupeane uzoefu: Diski moja inapojitokeza mara nne kwenye seva

Fundi wa Tononoka:
Ndugu zangu, jana kijana anayejifunza kazi kwetu aliniuliza kwa nini seva inaonyesha diski nne zenye ukubwa uleule ilhali nimemwambia kuwa ni moja. Nilimpa mfano wa nyumba za Mji wa Kale hapa Mombasa, zenye mlango wa barabarani na mlango wa uani, ambazo mgeni huweza kuzihesabu mara mbili. Seva yetu ina kadi mbili za faiba za kuifikia diski iliyo nje yake, kila moja ikipitia swichi yake, na kabati la diski lina vidhibiti viwili, ambavyo kila kadi huvifikia vyote; jumla njia nne. Kwa hiyo diski moja inatokea kama sda, sdb, sdc na sdd, mpaka programu ya njia nyingi, ile inayosimamia njia zote ili moja ikikatika nyingine ishike kazi, izifunge pamoja chini ya jina moja. Kijana alicheka. Mimi usingizi ulinipaa, kwani nilikumbuka mengi. Aliyewahi kufikwa na aeleze.

Binti wa Changamwe:
Nitaeleza kwa kirefu, mtanisamehe. Nilikuwa nikihudumia seva ya kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na kwa kuwa nafasi ilikaribia kujaa, nilikuwa nimeomba diski ya pili iliyo sawa na ile ya kwanza. Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, nilisasisha keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na kuiwasha seva upya, nisijue kwamba huduma ya njia nyingi haikuamka. Nilipotazama orodha nikaona sdb iko kazini, na sdc, yenye ukubwa uleule, haijaunganishwa popote. Nikasema alhamdulillahi, diski yangu imefika. Nilipoagiza ifomatiwe, programu iliniuliza kama nina hakika, kwa kuwa ilikuwa imeona humo mfumo wa faili wa ext4, yaani mpangilio wa kuhifadhia faili uliokwisha kuwekwa. Nikadhani ni diski iliyotumika kwingine, nikajibu ndiyo.

Linalonitia baridi hadi leo ni kwamba hakuna kilichotokea. Makarani wa zamu ya usiku waliendelea kufungua hati za forodha kana kwamba mambo ni shwari, kwa sababu hati hizo zilikuwa zikitoka kwenye kumbukumbu ya muda ya seva (RAM), si kwenye diski. Baada ya kama nusu saa mmoja akaniambia kwamba folda ya mwezi ule ni tupu, kisha makosa yakaanza kumiminika, na ndipo nilipolinganisha vitambulisho vya sdb na sdc nikakuta ni kimoja, herufi kwa herufi. Nilikaa sakafuni. Nakala rudufu iliyokuwapo ilikuwa ya siku sita nyuma. Kazi ya siku zile iliandikwa upya kutoka kwenye makaratasi, na makarani wakawa wanafuturu mezani kwangu bila kunisemesha. Lau huduma ile ingekuwa macho, sdc ingekuwa imeshikwa nayo na agizo langu lingekataliwa.

Jirani wa Feri:
Pole sana dada. Mimi LVM, programu ya kugawa nafasi za diski, ilikuwa ikinilalamikia kila siku kwamba imeona diski ileile mara mbili, nikaichukulia kuwa ni kelele tu.

Mzee wa Mwembe Tayari:
Poleni, lakini haya ni mambo ya kujitakia. Kebo moja, diski za ndani, na nakala rudufu kila usiku vinatosha kwa biashara nyingi za mji huu. Mnaongeza njia ili mlale vizuri, kisha njia zenyewe ndizo zinazowakesha.

Nahodha Asiye na Jahazi:
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, kebo moja ikikatika mchana wakati meli inashusha makontena, utawaambia wenye mizigo wasubiri usiku ufike? Kosa halikuwa la njia nyingi. Kosa ni kuamini jina la sdb au sdc, majina ambayo hubadilika seva inapowashwa upya, badala ya kusoma kitambulisho cha diski yenyewe.

Mzee wa Mwembe Tayari:
Marahaba. Sijasema wasubiri. Nimesema wengi wenu hamna meli.

Mlinzi wa Nyali:
Mimi nilishikwa na jambo jingine. Msimamizi wa kabati la diski aliiondoa diski ya zamani bila kunijulisha, kisha namba yake, ile ambayo seva yangu iliitumia kuifikia, akaipa diski ya idara nyingine. Seva yangu ilikuwa ikiuliza kila njia swali moja tu, kama iko tayari, nayo ikajibu kwamba iko tayari. Haikuuliza kama bado ni yule yule wa jana. Ikaandika data zetu juu ya data za watu. Tangu siku ile naanza upande wa seva: naiondoa diski kwenye matumizi, nafuta jina la pamoja, naondoa njia moja moja, na baada ya hapo ndipo msimamizi anaruhusiwa kugusa lake.

Jirani wa Feri:
Je, njia zote zikikatika, no_path_retry, yaani mpangilio wa kujaribu tena kwa muda gani, mnaiwekaje? Mimi huacha maombi ya kuandika diskini yasubiri bila kikomo.

Nahodha Asiye na Jahazi:
Usithubutu. Kwetu programu ziliganda, hazikuuawa kwa amri yoyote, na mtu akachoka akazima umeme. Weka kikomo.

Mlinzi wa Nyali:
Nami niliweka kikomo kifupi, swichi zikachelewa kuamka baada ya umeme kurudi, na mfumo wa faili ukajigeuza kuwa wa kusomwa tu. Bora kusubiri.

Mzee wa Mwembe Tayari:
Basi wekeni kikomo cha kunywa kahawa vikombe viwili. Lakini niwaulize kwa dhati: hizo njia zenu mbili zinapata umeme kutoka wapi?

Fundi wa Tononoka:
Mzee, nimeshuka chini kutazama. Swichi zote mbili ziko kwenye soketi moja ya kurefusha, pamoja na birika la chai.