Cherehani ya bibi imegoma, fundi anasema ni chuma chakavu. Naombeni ushauri

Mjukuu wa Ujiji
Wakuu, habari za mihangaiko. Bibi yangu alifariki mwaka jana hapa Ujiji, akaniachia cherehani yake ya miguu, Singer nyeusi yenye maua ya dhahabu. Ndiyo iliyonisomesha: alishona vitenge usiku kwa taa ya chemli, asubuhi napewa ada. Macho yalipomwishia nguvu ikawekwa stoo, imekaa miaka 8. Sasa gurudumu nalizungusha kwa mikono miwili. Nikilazimisha, inaruka mishono, na chini ya kitambaa uzi unajikusanya kama kiota. Fundi mmoja hakufungua hata skrubu, akasema imekufa, niwauzie wa chuma chakavu. Sina moyo huo. Namba yake inaanza na EE. Nianzie wapi?

Mama Vitenge
Pole kwa msiba mdogo wangu. Usiuze! Kwanza niambie, bibi alikuwa anaitilia mafuta gani?

Mjukuu wa Ujiji
Asante dada. Mafuta ya cherehani yakikosekana alikuwa anadondoshea mawese. Hata sasa ukinusa kwenye matundu unasikia harufu yake.

Fundi Mstaafu, Tabora
Binti yangu, ugonjwa ndio huo. Mawese ni ya kupikia. Yakikaa kwenye chuma yanakauka, yanashika vumbi na manyoya ya vitambaa, yanakuwa gundi. Cherehani haijafa, imegandishwa.

Vua mkanda. Peleka kichwa cha cherehani, ile sehemu ya juu inayoshona, nje, mbali na moto, kilaze. Dondoshea mafuta ya taa kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, juu na chini. Zungusha gurudumu taratibu, kuja upande wako. Utaona uchafu wa rangi ya kahawia unatoka; futa, tia tena. Usilazimishe panapokataa, acha palowe hata siku mbili. Nimewahi kuisubiri moja wiki nzima. Ikilainika, kausha vizuri, kisha tia mafuta halisi ya cherehani, tone moja moja. Usiiache na mafuta ya taa peke yake, chuma kitasagika.

Maua ya dhahabu usiyaguse kwa thina wala spiriti, yatafutika.

Na hiyo EE: herufi hizo ni za kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Chuma chake ni kizito, tunza.

Mama Vitenge
Shikamoo baba, umemaliza. Mimi naongezea la kiota. Uzi ukijikusanya chini, watu wengi wanahangaika na bobini, kumbe kosa mara nyingi liko juu. Inua ule mguu mdogo unaokandamiza kitambaa kabla ya kupitisha uzi, ili uingie katikati ya vile visahani vinavyoubana. Ukianza kushona shika ncha zote mbili za uzi. Kuruka mishono, badilisha sindano kabla ya yote: upande bapa uelekee kwenye shato, kile chombo cha chini kinachonasa uzi, mfereji mrefu uwe upande uzi unakoingilia. Kitenge namba 14, jinzi 16. Fungua na bamba linalofunika meno yanayosukuma kitambaa, utakuta manyoya yameshindiliwa humo.

Mjukuu wa Ujiji
Marahaba kwenu... samahani, shikamoo baba, nimechanganyikiwa kwa furaha. Leo ni siku ya nne. Gurudumu linazunguka kwa kidole kimoja! Chini ya meno nimetoa manyoya kiganja kizima, ndani yake kulikuwa na uzi wa bluu wa sare zetu za shule. Nimeketi nao muda mrefu. Mishono imenyooka, ila nikikanyaga kwa kasi mkanda unateleza.

Fundi Mstaafu, Tabora
Marahaba mwanangu. Ngozi imelegea. Chomoa kile kipini cha waya, kata kipande kidogo cha mkanda, kama upana wa kidole, toboa upya uunganishe. Usiukaze sana, utarudisha uzito. Na huo uzi wa bluu usiutupe.