Mhafidhina mweusi azungumzeje upendeleo wa rangi ndani ya chama chake?

Mkaazi wa Mkunazini
Assalaam aleikum waungwana. Mdogo wangu ameishi Marekani miaka kumi na tisa na sasa ni raia wa huko. Amejiunga na Republican, chama cha kihafidhina cha huko, kwa sababu anazozieleza bila ya kificho: anataka kodi ndogo kwa duka lake, anataka mzazi awe na kauli juu ya skuli ya mwanawe, na katika mambo ya dini na ndoa anajiona yuko karibu zaidi na watu hao. Mwezi ujao atazungumza dakika kumi mbele ya wanachama wenzake, karibu wote Weupe, naye ameazimia kusema juu ya upendeleo wa rangi katika siasa za vyama. Anachelea mambo mawili. Akilitamka neno hilo, wenzake watahisi ameleta lugha ya wapinzani. Akilinyamazia, Weusi wa mtaani kwake, ambao tayari wanamwita kibaraka, watapata ushahidi wao. Mimi nilimshauri anyamaze, halafu nikatanabahi kwamba nimemjibu kwa woga wa kwetu Zanzibar, si kwa hali ya huko. Nyinyi mngemwambia nini?

Mwalimu Mstaafu, Vuga
Waaleikum salaam. Kwanza mdogo wako asikubali kufanywa kioja. Hiram Revels, mweusi wa kwanza kuingia katika Seneti ya Marekani, mwaka 1870, alikuwa Republican, kwa kuwa hicho ndicho kilichokuwa chama cha Lincoln, rais aliyepinga utumwa. Wapiga kura weusi walianza kukihama kwa wingi katika miaka ya 1930, wakati wa Rais Roosevelt wa chama cha Democratic, na waliobakia wengi wakaondoka mwaka 1964, pale chama kilipomsimamisha kugombea urais Barry Goldwater, aliyekuwa ameipigia kura ya hapana Sheria ya Haki za Kiraia.

La pili ni namna ya kusema. Mwaka 2000, katika mkutano mkuu wa Republican uliofanyika Philadelphia, Colin Powell, jenerali mstaafu mweusi, aliwaambia wenzake kwamba wanapiga kelele juu ya mpango unaowasaidia vijana weusi kupata elimu, ilhali hawasemi kitu juu ya watu wanaolipwa kushawishi wabunge, ambao hujaza sheria za kodi nafuu za kuwafaa wakubwa wao. Tazama alichokifanya: hakuazima mizani ya wapinzani, bali alikipima chama kwa pishi yake yenyewe, kwa sababu chama kinachodai kuchukia upendeleo kinapaswa kuuchukia wote. Tim Scott naye, seneta wa South Carolina, alisimama mwaka 2016 akaeleza kwamba katika mwaka mmoja alisimamishwa na polisi mara saba, naye tayari ni kiongozi wa kuchaguliwa. Tukio ni gumu kulipinga kuliko nadharia.

Binti wa Wete
Mwalimu, kwa heshima yako, hapo umechagua nusu iliyo tamu. Seneta huyo huyo mwaka 2021 alisema Marekani si nchi ya kibaguzi, na kule Uingereza, Kemi Badenoch, mwanamke mweusi ambaye tangu Novemba 2024 amekiongoza Chama cha Conservative, aliwahi kusema bungeni mwaka 2020, akiwa waziri, kwamba skuli inayofundisha upendeleo wa Weupe kama jambo lisilo na ubishi inavunja sheria. Sisemi kwamba wawili hao ni wanafiki. Huenda ndiyo imani yao. Nasema tu kwamba chama humpandisha haraka mweusi anayewapunguzia wenzake uzito, na hilo nalo ni upendeleo. Mdogo wake ajiulize kwa nini ameombwa yeye, na kwa nini mwaka huu.

Lakini kuhusu kuitwa kibaraka, sisi wa Pemba tunalijua neno hilo kabla yake. Mwaka 1959 walipojitenga watu kutoka ASP (Afro-Shirazi Party) wakaunda ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party), kisha wakashirikiana na Hizbu, yaani ZNP, chama kilichohesabiwa kuwa cha Waarabu, waliambiwa wameuza asili yao, kana kwamba kura huandikwa juu ya ngozi. Katika uchaguzi wa 1963, ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura na viti 13 tu kati ya 31. Hesabu ile ilikuwa pia hesabu ya mipaka ya majimbo, ila wengi waliisoma kwa rangi peke yake, na yaliyofuata katika Mapinduzi ya Januari 1964 kila nyumba ina simulizi yake.

Mtoto wa Darajani
Nami nakubaliana na Mwalimu, lakini kwa sababu ya mchele. Marehemu bibi yangu hakupata kulitumia neno upendeleo. Alikuwa akisimulia kwamba wakati wa Vita Vikuu vya Pili chakula kiligawiwa kwa kufuata asili: Mwarabu na Muasia walikuwa na haki ya mchele, Mwafrika hakuwa nayo. Watu wakabadilisha majina ya asili zao ili wale wali. Ukimwambia mtu kwamba amependelewa, atakuhesabia jasho la babake mpaka jua lichwe; ukimuuliza kwa nini kadi yake inasema mchele na yangu haisemi, itambidi aitazame kadi. Mdogo wako aitafute kadi ya chama chake. Nani hukaribishwa kwenye karamu za wafadhili kabla ya majina ya wagombea kutajwa?

Mkaazi wa Mkunazini
Ahsanteni sana. Nimemsomea yote kwa simu jana usiku. Amelifuta neno upendeleo katika kichwa cha hotuba yake na kuliacha katikati, mara moja tu, baada ya habari ya karamu, kwani habari hiyo anayo, na ina majina. Swali la Bi wa Wete, kwa nini ameombwa yeye, alilinyamazia kwa muda, kisha akasema atamuuliza mwenyekiti kabla ya siku yenyewe. Pishi ameipenda, ila hajui aiiteje kwa Kiingereza.

Binti wa Wete
Amuulize mwenyekiti mbele ya watu, si pembeni.