Naomba ushauri: mpiga besi kaondoka na jina la bendi

Habari zenu wakuu, mimi napiga gitaa na kuimba, bendi niliianzisha 2014 Magomeni tukiwa wanne na ampu ya kuazima, hatuna lebo wala meneja, kila kitu mfukoni kwangu mpaka lile jina kwenye dramu kubwa nimelichora mwenyewe kwa rangi ya mafuta. Mwaka jana mpiga besi akajitoa, tukaagana fresh tu, kumbe jamaa kaenda BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara, kasajili jina la bendi kama jina la biashara, mmiliki yeye, juzi naona bango la hoteli moja Bagamoyo, jina letu, sura za jamaa na wenzake. Nampigia ananijibu "kaka nenda kwenye sheria".

Mimi nina usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa) na nyimbo nimepeleka COSOTA (ofisi ya hakimiliki), ila naambiwa hakimiliki inalinda kazi, jina halimo, na jina la biashara nalo siyo alama ya biashara. Sasa niwahi kuomba alama ya biashara kwenye kundi la 41, lile la huduma za burudani, au nianze kupinga usajili wake? Mabango ya zamani na risiti za shoo ninazo, zitasaidia? Kubadili jina sitaki kabisa, na dramu nani aichore tena.